Puka Nacua na bei ya namba 177

Jumatatu, 15 Januari 2024

Leo ni sikukuu ya Martin Luther King na zamu yetu tumepewa mapumziko, kwa hiyo nina siku nzima ya kununa. Rams, timu yetu ya mpira wa Kimarekani hapa Los Angeles, wametolewa kwenye mtoano jana usiku kule Detroit, 24 kwa 23. Pointi moja! Na aliyetutoa ni Jared Goff, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) ambaye Rams wenyewe walimpeleka Detroit mwaka 2021, wakaongezea na nafasi mbili za kuchagua mchezaji raundi ya kwanza, ili wampate Matthew Stafford. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina la Goff. Detroit hawakuwa wameonja ushindi wa mtoano tangu Januari 1992, basi waacheni waimbe. Mimi nina mtu wangu wa kumwandika.

Puka Nacua, mpokeaji wetu wa mwaka wa kwanza, jana alidaka mipira 9, akapata yadi 181 na tachidauni moja (kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho) ya yadi 50. Kabla yake hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amefikisha yadi hizo katika mechi moja ya mtoano. Tukafungwa vilevile, maana kila tulipokaribia mstari wa mwisho tulikwama tukaishia kupiga teke la pointi tatu. Mara tatu. Hayo atayajibu kocha Sean McVay.

Kwa mnaosoma mkiwa nyumbani na mchezo huu mnauona kama ugomvi wenye mwamuzi: mpokeaji ni yule anayekimbia mbele kupokea mpira wa kurushwa na kwotabeki. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Akidaka akaangushwa, mnahesabu yadi alizosogeza timu. Na wachezaji wapya hawasajiliwi kwa kugombaniwa kama kwenye soka. Kila Aprili timu 32 hukaa zikachagua vijana wa vyuo vikuu kwa zamu, timu dhaifu zikitangulia, raundi saba, siku tatu. Inaitwa drafti. Unayechaguliwa mapema, kamera zinakuja hadi sebuleni kwenu. Wa siku ya tatu mara nyingi anapigiwa simu tu.

Drafti ya 2023 ilikuwa na kichekesho chake. Wapokeaji wanne walichukuliwa mfululizo, namba 20 hadi 23: Jaxon Smith-Njigba akaenda Seattle, Quentin Johnston akaenda Chargers, Zay Flowers Baltimore, Jordan Addison Minnesota. Nacua alisubiri mpaka raundi ya tano, namba 177. Rams hawakuwa hata na nafasi ya raundi ya kwanza, ilishaondoka na biashara ya Stafford. Na hao Chargers wanatumia uwanja uleule wa SoFi tunaotumia sisi, kwa hiyo mji mmoja, nyasi zilezile, wapokeaji wawili wapya: mmoja wa namba 21, mwingine wa 177. Msimu mzima sikumsikia mtu hapa akibishana yupi ni yupi.

Waliomwacha hawakuwa vipofu. Alianza chuo Washington, akahamia BYU karibu na kwao Utah, na kote huko majeraha yalimkatishakatisha. Alipopimwa mbio za yadi 40 alitumia sekunde 4.57, na kwa nafasi yake hiyo si kasi ya kumtoa mtu kwenye kiti. Makaratasi yalisema kijana mzuri, mgumu, ila si mwepesi na si wa kutegemewa kiafya.

Halafu Cooper Kupp, mpokeaji wetu mkuu, akaumia msuli wa nyuma ya paja kabla ya msimu kuanza, akakosa mechi nne za mwanzo. Kwangu hapa ndipo penye habari yenyewe. Kupp angekuwa mzima, Nacua angepata nafasi, lakini ya kuonja. Badala yake mechi ya kwanza kabisa, ugenini Seattle, alidaka 10 kwa yadi 119, huku Smith-Njigba wa namba 20 akiwa upande wa pili wa uwanja huohuo. Wiki iliyofuata, dhidi ya San Francisco, alidaka 15, na hakuna chipukizi aliyewahi kudaka mipira 15 katika mechi moja. Kisha Indianapolis: tunaongoza 23 kwa 0, tunarudishiwa zote, tunaingia muda wa nyongeza, Stafford anachechemea kwa nyonga, anamrushia Nacua yadi 22, tachidauni, mechi imekwisha. Hiyo ndiyo tachidauni yake ya kwanza katika ligi.

Pale kazini tuna mzee mmoja wa mji wa Carson, Msamoa, tunamwita Uncle kama wanavyomwita wenzake. Nacua naye ana asili ya Samoa na Hawaii, kwa hiyo Septemba yote Uncle alitembea ghalani kama baba wa bwana harusi. Siku moja wakati wa chakula alisimamisha video kwenye simu yake akaniambia nisiutazame mpira. Nitazame miguu ya Nacua, mwenye jezi namba 17. Mpira ulikuwa hauendi hata kwake. Ulikuwa wa Kyren Williams, mkimbiaji wetu, ambaye naye alichaguliwa raundi ya tano mwaka mmoja kabla. Nacua alisogea kutoka pembeni mpaka karibu na mapandikizi ya watu, akapanua miguu, akashusha makalio, akamkumba beki kifuani na kuendelea kumsukuma hatua baada ya hatua hadi Williams akapita nyuma yake. Beki alimwangalia mwamuzi kama anayeomba aokolewe. "Hiyo haipimwi kwa saa," Uncle akasema, akarudia kula wali wake.

Tangu siku hiyo namwangalia kwa jicho jingine. McVay anawataka wapokeaji wake wafanye kazi chafu ya kuzuia watu, na anawaweka karibu na msongamano badala ya kuwaacha mbali pembeni. Humo ndani mbio za sekunde 4.57 hazikuumizi sana. Unachohitaji ni kujua Stafford anataka uwe wapi, kufika hapo, kudaka ukijua unagongwa, na kutoanguka kwa mguso wa kwanza. Nacua haanguki kwa mguso wa kwanza. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema alibahatika. Jeraha la Kupp lilikuwa bahati yake, sawa, lakini Kupp alirudi wiki ya tano na kijana hakurudi benchi.

Wiki iliyopita walimpa rekodi zake mbili za chipukizi kwa msimu mmoja, ya kudaka na ya yadi. Alihitaji kudaka mara nne na kupata yadi 29 dhidi ya San Francisco, mechi ambayo timu zote mbili zilikuwa zimeshafuzu na Stafford na Kupp wamepumzishwa. Kwotabeki wa akiba, Carson Wentz, akamrushia, Nacua akafika mipira 105 na yadi 1,486, wakamtoa. Ya kudaka ilikuwa ya Jaylen Waddle, 104, ya mwaka 2021. Ya yadi ilikuwa ya Bill Groman wa Houston Oilers, 1,473, na ilikaa tangu 1960. Mnisamehe mashabiki wenzangu, lakini Groman alicheza msimu wa mechi 14 na huyu wetu wa mechi 17, na lazima mtu aseme. Tuzo ya chipukizi bora nadhani itakwenda kwa C.J. Stroud wa Houston, na sitagomba. Kwotabeki ni kwotabeki.

Jana mpira wa mwisho wa maana uliotuua alidaka Amon-Ra St. Brown wa Detroit. Huyo alichaguliwa raundi ya nne mwaka 2021, na wapokeaji 16 waliotangulia kuchaguliwa kabla yake anawajua kwa majina, anakutajia wote kwa mpangilio. Kinyongo safi kabisa. Nacua simsikii na kinyongo, na sijui kama nampenda zaidi kwa hilo au nasikitika.

Kwa sababu namba haifutiki. Asubuhi nilizungumza na mdogo wangu Tanga, mshabiki wa Coastal Union, anayefuata habari hizi ili apate la kunitania.

"Shikamoo kaka. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Usinianze."

"Huyo wako sasa si ataogelea kwenye fedha? Huku angekuwa ameshaitwa Dar."

Nikamweleza. Mkataba wa mchezaji wa drafti ni wa miaka minne, na fedha zake zinafuata namba aliyochaguliwa. Wa 177 anapata takriban dola milioni 4 kwa miaka yote minne. Smith-Njigba wa namba 20 anapata zaidi ya milioni 14. Ni fedha nyingi, mimi na Uncle hatutaziona tukifufuka mara mbili. Lakini ghalani kwetu kuna dada aliyeletwa na wakala, anapakia haraka kuliko wote wenye ajira ya kudumu, msimamizi anamsifu kila mkutano wa asubuhi, na cheki yake ni ndogo kuliko ya wale anaowafundisha. Sifa inatolewa bure. Mtu akisema Nacua "amevuka matarajio" najiuliza matarajio hayo yaliandikwa wapi, na jibu ni kwamba yameandikwa kwenye mkataba, na yanaendelea kulipa kwa bei ileile.

"Si wamwongeze tu?" mdogo wangu akauliza.

Hawaruhusiwi. Kanuni za ligi zinasema mkataba wa kwanza haufunguliwi mpaka mchezaji amalize misimu mitatu. Yaani mpaka msimu wa 2025 uishe.

Alinyamaza kidogo, nikasikia bodaboda ikipita upande wake.

"Na goti lake, kaka, nalo wameliambia lisubiri?"