Inalala saa ngapi?

Mahari ya dada yamekwisha, mkuu mpya wa shule ameripoti, umeme umetusumbua kama kawaida, na mimi bado nimebaki na swali la Bibi.

Nilimsomea ile sura ya droni ya hadithi ninayoitunga. Mnaijua: mwaka 2090, vita vilikwisha zamani, droni imeangukia kwenye mikorosho huku kwetu Newala, na kumbukumbu yake haifutiki. Kila nyumba iliyoichoma imo, na kila uso ulioinuka kuitazama. Nilidhani ataogopa. Pengine nilitaka hata alie kidogo, maana ndiye aliyevuka Ruvuma na shangazi mgongoni, ndege za Wareno zikipiga vijiji vya ng'ambo.

Alikuwa anabangua korosho, wala hakuinua kichwa.

"Haisahau hata kidogo?"

"Hata kidogo, Bibi."

"Maskini. Inalala saa ngapi, mume wangu?"

Akanituma chumvi.

Alikuwa ananitania? Sauti haikuwa ya utani. Muuaji anaonewa huruma! Na mimi, nikimwuliza ya vita vya upande wa Mueda, huko Msumbiji, jibu ni lilelile: "Yamepita hayo." Droni ambayo haipo imepata neno moja la upole ambalo maswali yangu hayajawahi kulipata. Niliionea wivu, mashine ya kutunga mwenyewe.

Jana usiku nikakutana na zepelini L59, nikacheka peke yangu. Novemba 1917 Wajerumani walilirusha puto hilo refu lenye injini kutoka Jamboli, Bulgaria, limletee Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki, silaha na dawa huku kusini. Halikupangiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema, injini zingezalisha umeme. Likafika Sudan, likaitwa lirudi. Lilitua Jamboli tarehe 25 baada ya takriban saa 95 angani, na siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kwenda kuwapora Wareno risasi na chakula. Wapagazi wake walivuka na mizigo kichwani. Wao hawakutumiwa puto na mtu.

Ndiyo droni yangu hiyo! Nafuta hotuba yake yote ya majuto. Iwaombe tu wanakijiji waifumue: mbawa waezekee banda, betri iwashe taa ya zahanati, na kumbukumbu ing'olewe ya mwisho. Au ya kwanza? Hapo nimekwama, na nimekwama kwa raha.

Ila shemeji tangu achukue pampu ya kupulizia salfa hapokei simu, na mikorosho ya nyuma imeshaingia ugonjwa wa ubwiriunga.