Nilivyopita mafunzo ya uwakili wa familia Uingereza

Watu wananiuliza sana huu uwakili wa kusimama mahakamani Uingereza, hasa kesi za familia, unaupataje. Digrii ya sheria ni mwanzo tu, baada ya hapo kuna kozi ya uwakili, na lazima ujiunge na moja ya zile Inn nne za London, yaani vyama vya zamani vya mawakili, na uhudhurie vikao vyao, vingine ni dina kabisa mnakula na majoho yenu mwilini. Mimi niliona ni mbwembwe ila ndiko nilikompata wakili mkongwe aliyenifanyisha intavyuu za mazoezi. Maana kazi yenyewe ni kupata chemba, yaani ofisi ya pamoja ya mawakili, itakayokuchukua mafunzo ya mwaka mmoja, mnagombania nafasi kiduchu.

Miezi sita ya kwanza unamfuata msimamizi wako kila anapokwenda, kesi yako mwenyewe huruhusiwi. Nilijua naenda kujifunza kuongea mbele ya jaji, kumbe kesi za familia nyingi zinapikwa koridoni. Tunawahi mapema, anakaa na mteja, anatoka kwenda kwa wakili wa upande wa pili, anarudi, anatoka tena, mpaka tunaitwa ndani yamebaki mawili matatu ya kubishania. Nikaacha kunakili hotuba zake, nikawa naandika anavyoongea na mteja anayelia.

Miezi sita ya pili ndo moto. Karani wa chemba anapiga jioni, kesi kesho asubuhi, mji hata hujawahi kufika. Dawa yangu ilikuwa ukurasa mmoja wa tarehe: walioana lini, wakatengana lini, amri ya mwisho ilisemaje. Ikiwa ni ya mtoto napitia moja moja yale mambo 7 ambayo sheria ya watoto, Children Act ya 1989, inamtaka jaji ayaangalie, ikiwa ni mali nakaa na Fomu E, ile ya kila mmoja kutaja mali na hela zake, na taarifa za benki za miezi 12, mstari kwa mstari. Kuna siku nikaona hela inatoka kila mwezi kwenda akaunti ambayo kwenye fomu haipo, nikamwonyesha wakili mwenzangu pale koridoni, kimya kidogo, akaomba aongee na mteja wake.

Halafu tangu Aprili 2013 serikali iliondoa msaada wa kuwalipia watu mawakili kwenye kesi nyingi za wazazi wanaotengana, kwa hiyo mara nyingi upande wa pili hana wakili, amekuja na mfuko wa plastiki umejaa makaratasi na hasira. Huruhusiwi kumshauri, na kumtisha ni ushamba. Namwambia mimi ni nani, namtetea nani, kisha nauliza, "Bwana, Jumamosi ungependa umchukue mtoto saa ngapi?" Utashangaa, wengine ugomvi wote ulikuwa ni hiyo saa.

Na wigi usikimbilie kununua, azima la siku ya sherehe ya kupokelewa uwakili, mahakama ya familia karibu siku zote tunaingia na suti tu.