Nguva hawahitaji letusi, wanahitaji nyasi zao

Kuna video moja nimeiangalia mara nyingi mno, watu wanarusha letusi majini fungu baada ya fungu, na chini yao nguva wamejazana migongo imegusana, pua tu ndo zinachomoza. Mwanzo nilidhani ni burudani ya watalii, kumbe ni chakula cha msaada kabisa, kama kile wanachogawiwa watu wakati wa njaa. Ilikuwa Florida, Marekani, msimu wa baridi wa 2021 kuingia 2022, kwenye mtambo wa umeme pale Cape Canaveral, na hadi wanafunga zoezi walikuwa wamerusha zaidi ya tani 90. Na ujue huko raia akimlisha nguva ni kosa kisheria, sasa hapo serikali yenyewe ndo imeshika letusi, pima mwenyewe hali ilifikia wapi.

Niseme kwanza, hawa ni wale wa mkia wa duara kama mwiko, sio wa Bahari ya Hindi ambao mkia wao umegawanyika kama wa pomboo. Kwa Kiswahili wote tunawaita nguva na mi sioni ubaya, ni ndugu, na wote wanaishi kwa kula majani. Ndugu zao wa nchi kavu ni tembo na pimbi, na kama tembo hawapumziki kutafuna, mkubwa wa Florida ana kilo kama 500 na kwa siku anaweza kumaliza hadi kilo 50 za majani. Meno yakisagika kwa mchanga yanasogea mbele yanadondoka na mengine yanakuja kutoka nyuma, maisha yake yote, yani kaumbwa kwa ajili ya kula nyasi tu.

Mwaka 2021 walikufa Florida zaidi ya 1,100, na wengi upande wa pwani ya mashariki walikufa kwa njaa. Hapo kuna mkono mrefu wa maji ya chumvi kando ya bahari unaitwa Indian River Lagoon, maji yake yametulia, hayatoki haraka kwenda baharini, kwahiyo mbolea ya bustani na mashamba, maji ya makaro ya vyoo na majitaka vyote vikiingia humo vinabaki humo. Mwani mdogo mdogo ukashiba hiyo mbolea ukazaana hadi maji yakawa machafu kama supu, jua halifiki chini, na nyasi bahari bila jua ni kama mahindi chini ya turubai, zinakufa. Hilo limeanza kwa nguvu 2011 na halikuisha, mwaka hadi mwaka, mpaka chini kukabaki mchanga mtupu sehemu kubwa.

Kinachoniumiza zaidi ni huu mtego. Nguva ana umbo kubwa ila mafuta ya kumkinga na baridi ni kidogo, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anaanza kuumwa. Kwahiyo baridi ikiingia anakimbilia chemchemi kama Blue Spring ambako maji ni nyuzi 22 mwaka mzima, au anaenda kwenye maji ya moto yanayotoka mitambo ya umeme, njia aliyofundishwa na mama yake akiwa bado ananyonya. Sasa pale kwenye joto nyasi hakuna. Akitoka kutafuta chakula baridi inamuua, akibaki njaa inamuua, na yeye huchagua kubaki.

Boti nazo zinawaumiza sana, wengi wana makovu ya panga boi mgongoni hadi watafiti wanawatambua kwa makovu hayo, lakini angalau hapo vibao vya kupunguza spidi vimewekwa. Mwaka 2017 wakashushwa kutoka kundi la walio hatarini kutoweka, na mi naona tatizo liko hapohapo, walihesabu wanyama wakasahau kuangalia wanakula nini.

Na kurudisha nyasi inawezekana bwana! Upande wa pili wa Florida, Crystal River, wamefyonza tope na mwani uliooza kutoka chini, wakapanda nyasi mche kwa mche, mingine wakaifunika na vizimba ili isiliwe kabla haijashika mizizi. Maji yakang'aa, nyasi zikatambaa zenyewe, na nguva wanajaa pale kila baridi wanakula bila kurushiwa chochote.

Huku kwetu wa Afrika Mashariki waliobaki ni wachache kupita maelezo, tangu Desemba 2022 wamewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa, wazima wa kuzaa hawafiki 250, na kundi kubwa lililobaki liko Bazaruto, Msumbiji. Jarife, yani wavu mkubwa wa kuvulia, likimnasa hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, anazama. Jike anazaa mtoto mmoja tu baada ya miaka kadhaa, na huyo mtoto anakaa naye akijifunza nyasi ziko wapi. Akifa mama, mtoto anabaki hajui aende wapi.