Flashi kwa mpwa wa mdaiwa

Mwaka 2014 nilikuwa msaidizi wa kisheria mkoani Tanga, kazi yangu kuandika maelezo ya wajane waliofukuzwa mashambani na ndugu wa marehemu waume zao. Wakili wetu alikuwa Dar es Salaam. Modemu yetu haikushika mtandao, na mji mzima ulikuwa na intaneti kafe moja tu. Kijana wa kaunta alikuwa mpwa wa mmoja wa wadaiwa, yaani wale ndugu walioshtakiwa katika kesi hizo.

Asubuhi niliyopanga kutuma maelezo, alikuja bibi mmoja ambaye kesi yake ndiyo ilikuwa nzito kuliko zote. Aliitikia shikamoo yangu, akaketi, akauliza bila kuzunguka: "Mwanangu, maneno yangu yakipita kwa yule mtoto, hatayasoma?"

"Hatayasoma, mama. Sogea nikuoneshe."

Nilifanya yote kwenye kompyuta ya ofisi. Sikutaka kuandika nywila kwenye mashine ya dukani, kwa maana mwenye mashine anaweza kuweka programu ya kunasa kila herufi unayobonyeza. Nilifungua 7-Zip, programu ya bure, nikayakusanya maelezo katika kifurushi kimoja na kukisimba, yaani kukifunga kisisomeke bila nywila, kwa njia iitwayo AES-256. Kisha nikaweka alama kwenye kile kisanduku ambacho wengi hukipita: kusimba na majina ya faili. Kila faili lilikuwa na jina la mjane na kijiji chake. Kifurushi cha zip cha kawaida, hata ukikiwekea nywila, huacha orodha ya majina wazi. Mtu hasomi kilichomo, lakini anajua nani amesema. Kwetu kule hilo peke yake lingetosha kumponza mama wa watu. Muundo wa 7z, ulio wa 7-Zip yenyewe na ndio nilioutumia, huificha hata orodha.

"Kwa hiyo hata jina langu halionekani?"

"Halionekani."

Akataka kuona. Nikabofya kifurushi, kompyuta ikadai nywila. Nikamwambia abonyeze herufi zozote apendazo. Akabonyeza kwa kidole kimoja, ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. Hapo ndipo alipoegemea kiti.

Nywila yenyewe tuliipata kwa dadu ya ludo. Mwenzetu mmoja alikuwa ameandaa orodha ya maneno 7,776 ya Kiswahili, kila neno na namba yake ya tarakimu tano. Unarusha dadu mara tano, unapata neno moja. Bibi ndiye aliyerusha, nami nikaandika, mpaka yakatimia maneno sita. Michanganyiko ya maneno sita ya namna hiyo inapita bilioni mara bilioni mara laki mbili. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, ambazo ndizo nywila za watu wengi, mpwa yule angezibuni kabla chai haijapoa.

Wakati ule Tanzania haikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilitungwa mwaka 2022. Hakuna aliyetulazimisha. Lakini maneno yale yalikuwa mali ya wale akina mama, na walitukabidhi sisi.

Nikapeleka flashi mjini, na ndani yake hamkuwa na kitu kingine. Kijana akaichomeka, akabofya kifurushi mbele yangu, kikamdai nywila. "Kuna nini humu?" Nikamjibu ni kazi ya ofisi, naomba uitume. Akaituma.

Nywila haikupita kwenye barua pepe ile. Nilitembea hadi mlimani ambako simu ilishika, nikampigia wakili na kumsomea neno moja moja, naye akirudia.

"Limefunguka," akasema. "Nayaona yote."

Nilipomfikishia bibi habari, aliuliza kama dadu bado ipo. Siku chache baadaye alirudi na wajane wengine wawili kutoka kijijini kwake, waliokuwa wamekataa katakata kuandikisha maelezo. Mmoja wao alitaka aoneshwe kwanza kile kisanduku cha majina, ndipo akaanza kuzungumza.