Lita Moja kwa Maili: Nilivyoipima Boti Yetu ya Dizeli

Januari miaka mitatu iliyopita, mashine ya boti yetu ilizima kwa kuishiwa dizeli, tukirudi kutoka Kiwayu na hatujafika kisiwa cha Manda Toto. Ilipanda raundi kidogo, yaani mizunguko yake kwa dakika, ikashuka, ikapanda tena, ikanyamaza. Nilikuwa na wageni sita, familia kutoka Nairobi, wawili kati yao watoto. Kaskazi ilikuwa imeshika na mawimbi yanatusukuma kwenye mwamba. Nikatia nanga, nikaachia kamba yote niliyokuwa nayo, ikashika.

Tulivutwa hadi Amu, yaani Lamu, na wavuvi wa Kizingitini waliokuwa wakishuka na samaki wao. Nahodha wao alitutupia kamba kabla ya kutaja malipo, na jambo hilo sitamsahaulia. Tulipofika gatini akaniuliza, "Ulitia lita ngapi?" Nikamwambia mia na ishirini. "Na ulikwenda kwa mwendo gani?" Hapo sikuwa na jibu.

Boti hiyo tuliinunua mimi na kaka yangu. Ni ya faiba, futi 42, uzito wake kama tani 12, mashine moja ya dizeli ya silinda sita yenye nguvu za farasi 165. Aliyetuuzia alituambia inakula lita kumi kwa saa. Nilipiga hesabu kwa neno hilo: Kiwayu ni maili za bahari kama 30, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, lita 60. Nikatia mara mbili yake, nikaona nimejilinda vya kutosha. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliyetuuzia hakusema uongo. Kuna mwendo ambao boti yetu inakula lita kumi kwa saa kweli. Ila hakuutaja, na mimi sikumuuliza. Mtu akikwambia lita kwa saa bila kukutajia mwendo, hajakwambia kitu unachoweza kusafiri nacho.

Juma lile lile nikaanza kupima.

Tangi kubwa la boti ni lita 600 na kioo chake cha kuonea kimepauka, kwa hiyo kusoma tofauti ya lita tano humo haiwezekani. Nilichukua dumu jeupe la lita 20, lile linaloonyesha kilichomo ndani. Nikamimina maji humo kwa chupa ya lita moja, na kila chupa nikipiga mstari ubavuni kwa msumari uliopashwa moto. Nikalikausha juani siku nzima, nikalijaza dizeli, nikalifunga kando ya mashine, na mpira wa kuvutia mafuta nikautoa kwenye tangi nikautia humo.

Siku ya kwanza dumu lilishuka kwa kasi ya kutisha. Kwa raundi 1,600 tu nilipata zaidi ya lita 40 kwa saa. Nilirudi nyumbani nikiamini mashine imekufa. Fundi wetu alikuja, akainama chini ya ubao wa sakafu na tochi, akaniuliza swali moja: "Mpira wa kurudishia umeuweka wapi?" Ulikuwa bado unaingia kwenye tangi kubwa. Mashine ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko inayochoma. Mengine hupita kwenye pampu na nozeli, yakazipooza na kuzilainisha, kisha yakarudi tangini. Mimi nilikuwa nahesabu yote. Tukautia mpira wa kurudishia ndani ya dumu lile lile, na siku ya pili nikapata namba za kweli. Ukitaka kupima boti yako, anzia hapo, maana kosa hili likikupata utauza mashine nzima kwa bei ya chuma.

Kosa la pili ni la mkondo. Simu au chombo cha satelaiti kinakupa mwendo juu ya ardhi, na bahari yetu haitulii. Kwa hiyo nilingoja maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana, nikaenda Ghuba ya Manda asubuhi kabla upepo haujaamka. Kila raundi niliikimbiza robo saa kwenda na robo saa kurudi kwa njia ile ile, nikachukua wastani. Kaka ameshika usukani, mimi nimekaa na dumu na daftari.

Namba zenyewe, boti ikiwa safi chini, ni hizi. Raundi 1,400 zilitupa noti 6, yaani maili sita za bahari kwa saa, kwa lita 5 kila saa. Raundi 1,600, noti 7 kwa lita 7. Raundi 1,850, noti 8 kwa lita 11. Raundi 2,150, noti 9 kwa lita 18. Raundi 2,400, noti 10 kwa lita 27.

Sasa zigawe. Kwenye noti 7 maili moja ni lita moja. Kwenye noti 9 maili moja ni lita mbili. Safari ya Kiwayu kwa noti 7 ni saa nne na robo na lita 30. Kwa noti 9 ni saa tatu na dakika ishirini na lita 60. Karibu saa moja niliyokuwa nikiikimbilia kila safari ilikuwa ikinigharimu dumu moja na nusu la dizeli, kwenda tu. Nilipomwonyesha kaka daftari alikaa kimya kwa muda, kisha akahesabu kwa vidole safari tulizofanya toka tuinunue.

Sababu iko majini, na ukikaa shetri, nyuma ya chombo, utaiona kwa macho. Chombo kinapokwenda hujenga wimbi mbele na wimbi nyuma, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo wimbi hilo linavyorefuka. Likifika urefu wa chombo chenyewe, chombo kinakuwa kimekaa katikati ya vilima viwili, na kila nguvu unayoongeza inakwenda kukipandisha kilima cha mbele. Wajenzi wa vyombo wana hesabu yake: chukua urefu wa chombo pale maji yanapogusa, kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Yetu pale majini ni futi 38, na jibu ni noti 8 na kitu. Kwenye noti 7 maji ya nyuma yamelala na gilasi ya chai mezani haitikisiki. Kwenye noti 9 shetri inazama, omo, yaani mbele, inainuka, na nyuma yako kuna wimbi limesimama karibu sawa na ukingo wa boti. Wimbi lile ni dizeli yako. Boti za mbio zenye tumbo bapa hulipanda wimbi hilo na kuteleza juu ya maji; hizo zina hesabu nyingine kabisa. Ya kwetu ni nzito na ina mkuku, ule uti wa chini ya chombo, haitateleza hata ukiitia mashine mbili.

Namba hizo nimesema ni za boti safi, na usafi huo tuliufanya kabla ya kupima upya. Siku ya mkasa raundi hazikupita 2,250 hata nikisukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, na moshi mweusi unatoka nyuma. Nilidhani ni chujio la hewa. Ami yangu, ambaye alikuwa nahodha wa jahazi la boriti ujana wake, hakutaka hata kusikia habari za chujio. Alishuka kwenye hori, kile chombo kidogo cha makasia, akaingiza mkono chini ya maji, akautoa umechanjwa vidole viwili. "Chombo kimeota," alisema. "Sisi kila tukitoka safari tulikipandisha, tukakikwangua, tukakipaka deheni, ile chokaa iliyokorogwa na mafuta. Wewe una miezi minane."

Tukaikwamisha bamvua iliyofuata, siku maji yanapojaa na kupwa sana. Kwetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na saa nne au saa tano asubuhi huwa yamekupwa kabisa, kwa hiyo siku moja inatosha kwa kazi ya chini. Tuliipeleka mchangani upande wa Manda saa kumi alfajiri, tukaitegemeza kwa boriti nne za mkoko, mbili kila ubavu, tukangoja maji yaondoke. Kulipopambazuka tuliona tulichokuwa tukikiburuta. Vigamba vyeupe vyenye makali ya wembe vimefunika tumbo lote, na rafadha, ile panga ya kusukumia boti, ya shaba inayong'aa ikiwa mpya, ilikuwa kama jiwe la mwambani. Niliing'arisha mwenyewe kwa msasa mpaka nikaona uso wangu. Rafadha ni kitu kidogo, unaweza kuisafisha kwa saa moja ukiogelea na kikwangulio, lakini ikichafuka mashine inapiga maji bila kusukuma. Alasiri boti ilielea, na jioni ile ile mashine ilifika raundi 2,450. Kwa raundi 1,600, zilizokuwa zikitupa noti 6 na kidogo, tukapata 7 kamili, mafuta yale yale. Maji ya huku ni ya moto na viumbe hivyo huota haraka. Sasa rafadha naisafisha kila mwezi na tumbo kila baada ya miezi mitatu.

Namba zikishakaa, unaanza kuiona bahari kwa jicho jingine. Ami hakuwahi kuwa na mashine, lakini siku zote alikuwa akinunua maili kwa bei ndogo. Alijua saa ya kutoka. Nilipomwambia nataka kufika Pate kabla ya adhuhuri alinijibu, "Mai yakikataa, ndia huwa ndefu," yaani maji yakikataa, njia huwa ndefu. Nikahesabu maneno yake kwa daftari langu. Mkondo wa noti 2 ukikukabili, ule mwendo wa noti 7 unakuwa 5 juu ya ardhi, na maili moja inapanda kutoka lita 1 hadi lita 1.4. Mkondo huo huo ukikufuata, inashuka chini ya lita 0.8. Karibu nusu ya mafuta, kwa kungoja saa tatu nne maji yageuke. Mkanda nao, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, hautaki uende maji yakiwa machache, kwa kina chake na pia kwa sababu boti ikipita karibu na mchanga inavuta maji chini yake, shetri inazama, mwendo unapungua na mashine ile ile inalia. Nikifika pale napunguza hadi raundi 1,200 na kusubiri kina kirudi.

Mwaka uliofuata, Februari, tulikwenda Malindi. Nilitia lita 240, theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, na kabla ya kutia nilipitisha kila dumu kwenye kitambaa na kuliacha lisimame usiku kucha ili maji na taka vikae chini. Tulitoka Shela saa kumi na moja alfajiri, kaskazi nyuma yetu, raundi 1,600 bila kugusa. Ghuba ya Ungwana ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa pale Mto Tana unapoingia Kipini. Mchana tuliiona mihimili ya San Marco mbele ya Ngomeni, pale Waitaliano walikorushia roketi, nikapiga mstari daftarini. Upepo na mawimbi vilitupa noti 7.8, na tulitia nanga Malindi saa tisa alasiri, mwanga bado upo wa kuuona mwamba. Nilipopima tangi kwa kijiti tulikuwa tumetumia lita 68. Mzee mmoja pale Malindi, nahodha wa boti za uvuvi, alisoma ukurasa ule mara mbili, akaniomba nimchoree lile dumu na mipira yake miwili.

Mwendo wa taratibu una deni lake pia. Mashine ya dizeli ikiendeshwa siku nyingi bila mzigo haipati moto wa kutosha na masizi hukaa ndani. Fundi ametuamuru, na nimemtii, kila safari ndefu dakika kumi na tano za mwisho nipandishe hadi raundi 2,200. Nazihesabu humo humo kwenye lita.

Kinachonisumbua sasa ni jenereta. Usiku mmoja nimetia nanga Kiwayu na wageni, friji na feni zinafanya kazi, inakula lita moja na nusu kwa saa. Kutoka magharibi hadi alfajiri ni lita 18, maili 18 za safari zinazochomwa boti imesimama. Kaka amekwisha pima paa la boti: zinaingia paneli nne za sola, na betri zitakaa chini ya kitanda cha mbele ambako tulikuwa tukiweka nanga ya pili.