Dawa ya magugu kudondokea maharage, nilivyotatua

Wakuu, maharage huku Kisongo yalivamiwa na mtama pori, umeyapita kwa zaidi ya futi moja. Kupulizia glifoseti (dawa ya kuua magugu) haiwezekani maana inaua vyote, mtama na maharage, kwahiyo tukafunga kwenye trekta lile bomba la kamba za kupakaza dawa, yaani kamba zinalowa dawa na kuipakaza kwenye magugu yaliyoyapita maharage, shida ikawa dawa inadondoka, na kila ilipodondokea maharage yanakuwa njano. Kilichosaidia ni kubana koki mpaka kamba iwe imelowa tu, ukiigusa na glavu unaona unyevu ila haichuruziki. Dawa 1 kwa maji 2, bomba sentimita 10 hivi juu ya maharage, trekta mwendo wa kutembea, halafu unarudia ukitokea upande wa pili ili shina lipakwe kote. Mtama umekauka mpaka mizizi, maharage yapo kijani. Na kamba zioshwe siku hiyohiyo jamani.