Tangazo la mvua kwa watu wa mteremkoni

Shefu wa avenyu yetu, yaani kiongozi wa mtaa wetu hapa Kadutu mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, ameniomba tena nimsaidie kuandaa tangazo la mvua litakalosomwa makanisani Jumapili, na jioni hii yote nimekuwa nikitafakari ni maneno gani yanayomfaa mtu ambaye nyumba yake imeshikamana na mteremko. Hapa Bukavu mvua hutunyeshea tangu Septemba hadi Mei, kwa hiyo kumwambia mtu kwamba mvua inakuja ni kumwambia analolijua tangu utoto.

Utabiri unaotufikia huzungumzia jimbo zima la Kivu Kusini, na hauwezi kutenganisha mteremko wetu na ule wa ng'ambo ya bonde. Wiki iliyopita nilimweleza jirani yangu kwamba uwezekano wa mvua kubwa ulikuwa asilimia 70. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza: «Sasa, mwanangu, usiku huu nilale hapa ama nipeleke watoto kwa dada yangu?» Tulizunguka nyuma ya nyumba. Juu ya choo, udongo mwekundu ulikuwa na ufa unaoingia kidole, na maji yaliyokuwa yakichuruzika chini yake yalikuwa ya matope, ingawa mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Nilimshauri awapeleke, na naamini ufa ule, dalili kwamba udongo unaweza kuporomoka, ulitueleza mengi kuliko asilimia yangu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba tangazo lieleze hali ya mbingu pamoja na hali ya udongo. Mvua ya saa moja inayoangukia ardhi kavu mwezi wa Septemba haina hatari sawa na mvua hiyo hiyo inayoangukia ardhi iliyolowa kwa wiki nzima, kwa sababu maji yaliyokwisha kujaa ndani huongeza uzito wa udongo na kuulegeza. Kuhusu asilimia, naona ni afadhali kusema kwamba katika siku kumi zenye mbingu kama hii, saba hunyesha na tatu hazinyeshi; anayeambiwa hivyo hataona amedanganywa siku ikipita kavu.

Haya si mambo madogo kwetu. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, kaskazini mwa mji wetu, maji na mawe yalishuka kutoka milimani yakafunika Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walifariki. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza mwaka 2022 kwamba kila mtu duniani alindwe na mifumo ya tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa 2027. Ni lengo jema sana, lakini satelaiti haimfikii mama aliye sokoni pasipo mtu wa kumfikishia habari kwa lugha yake, iwe Kiswahili au Kimashi.

Radi nayo inastahili sehemu yake, kwani vipimo vya satelaiti vimeonyesha kwamba eneo la Kabare, jirani zetu kabisa, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani: zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Hapa ushauri ni mwepesi kufuata. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takribani kilomita moja, na zisipofika 30, ingia ndani ya nyumba imara, wala usijikinge chini ya mti. Toka baada ya nusu saa bila ngurumo.

Kesho nitampelekea shefu maandishi haya. Limebaki swali la usiku, wakati umeme umekatika na simu nyingi zimezimika: nimependekeza kila kundi la nyumba kumi liteue kijana mwenye filimbi, ambaye pia atajua ni wazee gani wa upande wa chini wanaohitaji kushikwa mkono ili wapande. Majina ya wazee hao tutayaandika pamoja kabla ya Jumapili.